Kariakoo ipangwe kwa kitalu, si kwa kiwanja

Kariakoo, eneo la biashara la Dar es Salaam, ijengwe upya kwa kitalu, yaani pande zima la viwanja lililozungukwa na mitaa minne, badala ya kiwanja kimoja kimoja. Kuona sababu, tuanze na hesabu ya rampu, njia ya mteremko ya kushushia magari. Gari linaloshuka kwenye maegesho ya chini ya ardhi yenye kina cha mita 3 linahitaji mteremko wa mita 1 kwa kila mita 7 au 8 za urefu. Hiyo ni njia ya mita 21 hadi 24, yenye upana wa mita 3.5. Sasa chukua kiwanja cha upana wa mita 12 na urefu wa mita 24, yaani mita za mraba 288. Rampu hiyo inakimaliza kiwanja kutoka barabarani hadi ukuta wa nyuma na kula zaidi ya robo ya eneo lote, na gari bado halijapata pa kukata kona. Ndiyo maana maegesho yanayochorwa kwenye ramani ili kibali kitoke huishia kuwa stoo au fremu za maduka za chini. Watu husema mwenye jengo amedanganya, na wapo wanaodanganya kweli. Lakini hata yule mwaminifu amepewa sharti ambalo kiwanja chake hakiwezi kulibeba.

Unganisha viwanja vinane vya ukubwa huo, upate mita za mraba 2,304. Rampu ileile moja sasa inachukua chini ya asilimia 4 ya eneo.

Hesabu hii inajirudia kwa kila kitu ambacho ghorofa linahitaji na nyumba ya chini haikuhitaji. Ngazi mbili za kukimbilia moto huchukua kama mita za mraba 28 kwa kila sakafu, sehemu ya kumi ya kiwanja kile kimoja. Mwenye kiwanja huona ngazi moja inamtosha, na ile ya pili huigeuza fremu. Majengo manane yaliyosimama kila moja peke yake yanahitaji ngazi 16, wakati jengo moja lililokalia viwanja vyote vinane linaweza kutosheka na 4 zilizopangwa vizuri. Tangi la maji ya zimamoto la lita 50,000 ni chumba cha mita 5 kwa 5 chenye kina cha mita 2. Ndani ya kiwanja kimoja hicho ni karibu asilimia 9 ya ardhi yote. Ongeza chumba cha transfoma, jenereta, chumba cha taka, shimo la lifti na chemba za majitaka. Kiwanja kimoja kikibeba vyote hivi kama inavyotakiwa, hakibaki na duka la kumlipa aliyejenga.

Hoja ya makala haya ni moja. Mpango wa muda mrefu wa kuijenga upya Kariakoo utafanikiwa pale tu kipimo cha kupangia kitakapokuwa kitalu, yaani pande zima la viwanja lililozungukwa na mitaa minne. Leo kibali cha ujenzi hutolewa kwa kiwanja kimoja kimoja, ilhali moto, majitaka, msongamano na mitikisiko ya msingi havijui mpaka wa kiwanja.

Mitaa iliyonyooka na kukatana kama mistari ya daftari ilianza kuchorwa na Wajerumani mkesha wa Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakaiendeleza kama makazi ya Waafrika, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja uliowatenga na Uhindini na Uzunguni. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichokuwa na kambi hapo. Viwanja vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma pamoja na jiko na choo. Ule uani ulikuwa na kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Maji ya mvua yalizama hapo, hewa ilipita hapo, na nyumba ya jirani ikiungua palikuwa na pa kusimama. Tangu mipango ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipofungua mlango wa maghorofa, viwanja vilevile vimejengwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mpaka wa kiwanja ulibaki ule wa nyumba ya vyumba sita, juu yake tukaweka sakafu nane au kumi.

Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa nne lililokuwa makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo liliporomoka likiwa na watu ndani. Zaidi ya watu 25 walipoteza maisha. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, na hatua hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo ukaguzi wa jengo mojamoja hujibu nusu ya swali. Jengo lililopita ukaguzi Januari linaweza kuwa hatarini Juni kwa sababu jirani ameanza kuchimba.

Hapa panahitaji maelezo ya kina, maana ndipo roho za watu zilipo. Kariakoo imekaa juu ya mchanga wa pwani na maji ya ardhini hayako mbali. Mchanga hubeba mzigo mzito vizuri kabisa ukiwa umezungukwa pande zote. Ukifunguliwa upande mmoja hukimbia. Msingi wa nguzo hutawanya uzito ardhini kwa mshazari, chini na kuelekea nje. Anayechimba kando yake hadi chini ya usawa wa msingi huo huondoa ule mchanga uliokuwa ukiuzuia usihame. Kazi hii inafanyika salama duniani kote, ila ina utaratibu. Msingi wa jirani hushikizwa kwa vipande visivyozidi upana wa mita 1 hadi 1.2. Kipande cha kwanza, cha tatu na cha tano huchimbwa na kumwagwa zege kwanza. Cha pili na cha nne huguswa pale vya awali vilipokaza. Juu ya kila kipande huachwa pengo la sentimita 7 au 8, na zege likishakaza pengo hilo hushindiliwa mota kavu ili mzigo ushuke bila nafasi. Fundi anayechimba mfereji mzima kwa siku mbili ili kuokoa muda ameuning'iniza ukuta wa jirani hewani.

Kosa la pili ni pampu. Shimo likijaa maji, watu huleta pampu na kuvuta usiku na mchana. Maji yanayotoka yakiwa ya rangi ya chai, ujue yanatoka na mchanga laini, na mchanga huo umetoka chini ya majengo ya pembeni. Nyufa huanza kuonekana nyumba ya pili au ya tatu kutoka kwenye shimo, na mwenye nyumba hiyo hana habari kinachoendelea. Njia sahihi ni kuzungushia shimo ukuta wa nguzo za zege zilizozamishwa ardhini kabla ya kuchimba, kisha kupima usawa wa maji nje ya shimo kila siku. Ukuta wa namna hiyo ni ghali kwa mwenye mita 12 za uso wa barabara. Kwa kitalu kizima hujengwa mara moja kuzunguka pembeni, na kuta za ndani hazihitajiki.

Kosa la tatu halichimbwi, hupandishwa ngazi. Sakafu ya makazi husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Mwenye nyumba anaona wapangaji wa vyumba hawamlipi kama wapangaji wa stoo, anaigeuza ghorofa ya tatu kuwa ghala. Marobota ya vitenge yakipangwa hadi kimo cha mita 2, hata kwa makadirio ya kilo 400 kwa mita ya ujazo, yanaweka kilo 800 pale palipokusudiwa 200. Vigae na sufuria ni zaidi. Huko chini, kuta kati ya fremu huvunjwa ili duka liwe pana, na mara nyingine nguzo "inayoziba" hupunguzwa unene. Mabadiliko haya hayaonekani barabarani. Kitabu cha jengo, chenye ramani za nguzo na nondo pamoja na mzigo unaoruhusiwa kila sakafu, kinapaswa kukaa ofisi ya mipango miji na nakala kubandikwa kwenye ngazi, herufi kubwa, kwa Kiswahili: SAKAFU HII ISIZIDI KILO 200 KWA MITA YA MRABA. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kinachoweza kuepushwa.

Sasa maji. Nyumba ya vyumba sita yenye watu 15 wanaotumia lita 80 kila mmoja hutoa kama lita 1,200 za majitaka kwa siku. Jengo la ghorofa nane lenye sakafu tatu za maduka na tano za makazi, nyumba nne kila sakafu na watu watano kila nyumba, lina wakazi 100. Kwa lita 100 kila mmoja ni lita 10,000, bado hujahesabu wachuuzi na wateja. Ni zaidi ya mara nane kwenye bomba lilelile. Kariakoo ina bahati ya kuwa miongoni mwa maeneo machache ya Dar es Salaam yenye mtandao wa majitaka, lakini bomba haliongezeki kipenyo kwa kuwa juu yake pamejengwa ghorofa. Chemba zinapofumuka mtaani wakati wa masika, chanzo ni viwili kwa pamoja: majitaka yamezidi, na mabomba ya mapaa yameunganishwa kwenye chemba za choo kwa sababu uani wa kunyonya mvua haupo tena. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 288 ni lita 14,400. Kwa kitalu chetu cha mfano ni lita 115,200, na maji hayo hukimbilia mtaani ndani ya saa moja au mbili.

Jibu la tatizo hili lilishajengwa hapahapa Kariakoo. Soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilikuwa na paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa kama faneli. Mvua ilishuka kupitia kwenye nguzo hadi matangini chini. Msanifu Mtanzania, nusu karne iliyopita, alilifanya paa kuwa chanzo cha maji kwa soko zima. Kila kitalu kipya kingepaswa kubeba sharti hilo: tangi la kuhifadhi angalau mvua ya milimita 50 ya paa lake, sehemu ibaki kwa zimamoto na usafi, sehemu iachiwe mfereji taratibu baada ya mvua kukatika. Kwa kiwanja kimoja sharti hilo ni mzigo. Kwa kitalu ni chumba cha mita 6 kwa 8 chenye kina cha mita 2.4.

Soko hilohilo linatufundisha somo la pili, chungu zaidi. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Wafanyabiashara walitawanyika kwenye masoko mengine, na kazi ya kulikarabati na kujenga lingine kando yake ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Mchuuzi wa mboga au wa pembejeo za kilimo aliyehamishwa kwa miaka mitatu hapotezi mauzo ya miaka mitatu tu. Anapoteza wateja, na mteja wa jumla kutoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni akishamzoea muuzaji mwingine harudi kwa sababu jengo limepakwa rangi mpya.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpango wowote wa Kariakoo si jengo litakuwaje. Ni hili: siku ya kubomoa, mwenye fremu anafungulia wapi duka lake kesho yake asubuhi? Kama hilo halina jibu lenye anwani, mpango haujaanza.

Tunao mfano wa jengo lililojibu swali hilo vibaya. Machinga Complex, kule Karume, lilijengwa kwa nia njema ili wamachinga wapate pa kudumu, na kwa miaka mingi vizimba vya juu vilikosa watu huku mitaa ya Kariakoo ikifurika. Wengi walilaumu ukaidi wa wamachinga. Wamachinga walikuwa wakisoma soko vizuri kuliko waliochora jengo. Mauzo yao hutegemea mpita njia ambaye hakupanga kununua. Mtu anayeshuka mwendokasi kituo cha Msimbazi na kuelekea mtaa wa Kongo atanunua soksi akiziona, ila hatapanda ngazi kuzitafuta. Biashara hiyo inaishi kwenye usawa wa barabara, kwenye njia ya miguu iliyokwisha kuwepo. Kwa hiyo jengo la kuwapokea wanaohamishwa lijengwe ndani ya Kariakoo yenyewe, lisiwe na zaidi ya sakafu mbili za biashara, na milango yake itazame mkondo wa watu. Juu yake ziwekwe stoo, siyo fremu. Stoo hupanda juu bila shida, kwa kuwa anayepanda ni mpagazi anayelipwa na lifti ya mizigo, wala si mteja.

Kabla ya kuchora jengo hilo, watu wahesabiwe. Sensa ya kitalu isiishie kwa mwenye hati. Iandike mwenye nyumba, mpangaji aliyesaini, mpangaji wa mpangaji, aliyegawana fremu kwa meza, mwenye stoo, fundi cherehani wa kwenye korido, mama lishe wa uani na mmachinga wa mbele ya duka. Kariakoo fremu moja inaweza kuwa na biashara nne, na kilemba, yaani fedha inayolipwa ili kuachiwa fremu, hakionekani kwenye mkataba wowote. Ukimhesabu mmoja, watatu watarudi barabarani na utasema wamevamia. Hesabu ya wapita njia ifanywe kila saa, siku ya kazi, Jumamosi, na wiki moja kabla ya Idi, kwani Kariakoo ya Jumanne saa nne asubuhi na Kariakoo ya mkesha wa sikukuu ni miji miwili tofauti.

Upande wa wenye ardhi, kinachokwamisha ni mgao. Nyumba nyingi za zamani ni za urithi: hati ina jina la marehemu babu, warithi ni kumi na moja, mmoja anataka kuuza, wawili wanaishi humo, wengine hawasemezani. Mbia anayekuja na fedha humfuata yule aliye tayari, humjengea, wakagawana sakafu, au humiliki jengo kwa miaka kadhaa kisha kulirudisha. Mpangilio huo umewapa familia nyingi nyumba za kisasa na haufai kudharauliwa. Ila mbia anayejua ataondoka baada ya miaka 10 au 15 hana sababu ya kuweka bomba la kudumu miaka 50.

Kuunganisha viwanja kunaogopwa kwa sababu watu wanadhani mgao utafuata mita za mraba. Ukifuata hivyo, mwenye kona ataonewa na atakataa, na atakuwa na haki. Thamani ya Kariakoo iko kwenye uso wa barabara na kona. Kanuni inayoweza kukubalika ni ya mafungu mawili. Sakafu ya chini, ambayo ndiyo yenye kodi kubwa ya pango, igawanywe kwa mita za uso wa barabara ambazo kila mmoja alikuwa nazo, kona ikihesabiwa pande zote mbili. Sakafu za juu zigawanywe kwa eneo la kiwanja. Mwenye mita 12 za uso kwenye mtaa wenye watu arudi kwenye mtaa huohuo akiwa na urefu uleule, ukitoa sehemu iliyokubaliwa kwa ajili ya njia, ngazi na huduma. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila mmoja apate hati ya sehemu yake. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaipa mamlaka ya upangaji nguvu ya kuandaa mpango wa uendelezaji upya. Vyombo viwili hivyo vikitumiwa pamoja vinatosha kuanzia. Kutwaa ardhi kwa lazima kubaki hatua ya mwisho kabisa, kwa kuwa fidia kamili, ya haki na ya haraka kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyotaka ni fedha nyingi sana Kariakoo, na mamlaka isiyo nazo mkononi huishia kuzuia watu wasijenge wala wasilipwe.

Bhendi Bazaar ya Mumbai ni mtaa wa biashara wenye sura ya Kariakoo: maduka chini, familia juu, majengo chakavu yaliyobanana. Mwaka 2009 mfuko wa jumuiya ya Mabohora ulianza kuujenga upya kwa mkupuo, ekari 16.5, majengo kama 250, familia takriban 3,200 na maduka 1,250. Walitangulia kutafuta makazi na maduka ya muda. Hata hivyo, minara ya kwanza ilikamilika kama miaka 11 baadaye, ingawa walikuwa na jumuiya moja inayoaminiana na chombo kimoja chenye fedha. Kariakoo haina jumuiya moja wala mmiliki mmoja. Anayeahidi kuimaliza kwa miaka mitano anawadanganya wapangaji.

Hesabu ya muda ni rahisi kuifanya. Kitalu kimoja kinahitaji kama miaka 3: miezi 6 ya kuhamisha, kubomoa na kuweka msingi, 24 ya kujenga, 6 ya kumalizia na kurudisha watu. Vitalu 12 vya kipaumbele vikitegemea jengo moja la kupokea wanaohama ni miaka 36. Majengo matatu ya kupokea yakiwepo, ni miaka 12. Idadi ya majengo hayo ndiyo inayoamua kasi ya mpango wote. Fedha za mwanzo ziende huko na kwenye mabomba.

Kalenda nayo ina masharti yake. Hakuna kuhamisha watu kuanzia Oktoba hadi Januari: hayo ni mauzo ya mwisho wa mwaka na ya kufungua shule. Hakuna kuhamisha ndani ya Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo ratiba ya mwaka huu haifai kunakiliwa mwaka kesho. Msingi usichimbwe masika. Kwa miaka hii dirisha zuri ni kuhama Mei, kubomoa Juni, na kuwa umetoka ardhini kabla ya vuli kuanza Oktoba. Mkandarasi akichelewa kupewa eneo kwa miezi minne, anaangukia kwenye mvua, pampu zinaletwa, na tunarudi kwenye yale maji ya rangi ya chai.

Mabomba yatangulie majengo, na fedha yake itoke Kariakoo. Kodi ya majengo inayokatwa kupitia Luku, kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, ni shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Jengo la sakafu kumi linalipa shilingi 900,000 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho fremu moja nzuri ya chini hukipita kwa kodi ya pango ya mwezi. Sakafu ya Kariakoo inalipa sawa na sakafu ya pembezoni mwa jiji, ilhali inatumia bomba, barabara na zimamoto mara nyingi zaidi. Kiwango cha pekee kwa vitalu vya mpango, pamoja na ada kwa kila sakafu inayoongezwa juu ya kiwango cha msingi, viingie kwenye akaunti ya mtaa huo peke yake na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila robo mwaka. Watu walioona TRA na halmashauri wakikusanya bila bomba kubadilika hawatakubali tozo mpya kwa ahadi. Watakubali wakiona mtaro umefunguliwa kwanza.

Kuna pia mizigo. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2, karibu upana wa kiwanja chetu cha mfano, na hushushwa katikati ya mtaa huku kirikuu, maguta, bajaji na mikokoteni vikisubiri. Gari la zimamoto linahitaji njia wazi ya mita 4 angalau, na lile lenye ngazi ndefu zaidi ya hapo ili litanue miguu yake. Kila kitalu kiwe na ua wa kushushia mizigo ndani yake, na kontena ziingie usiku pekee. Hili ni eneo ambalo biashara ya saa 24 inaweza kusaidia hasa: usiku uwe wa kupokea na kupanga mzigo, mchana uwe wa mteja. Njia ya mita 4 katikati ya kila mtaa ichorwe rangi na meza ziishie kwenye mstari. Mmachinga akijua mstari hauhami, huuheshimu. Anachokimbia ni mstari unaohama kila mkuu mpya anapoteuliwa.

Utekelezaji unahitaji mlango mmoja. Leo mwenye kitalu angezunguka Halmashauri ya Jiji kwa mchoro na kibali, DAWASA kwa majitaka, TANESCO kwa transfoma, TARURA kwa mtaa, Zimamoto kwa cheti, bodi za wakandarasi, wahandisi na wasanifu kwa usajili wa kazi, na wakala wa mabasi yaendayo haraka kama yuko jirani na Msimbazi au Gerezani. Kila ofisi ina haki ya kuuliza swali lake, ila majibu yakikinzana mwenye mradi huchagua ofisi iliyo rahisi. Ofisi ya Kariakoo yenye maofisa wa taasisi hizo wanaokaa chumba kimoja siku mbili kwa wiki, wakisaini mchoro mmoja, ingefanya kazi kubwa kuliko kanuni mpya yoyote.

Muda haupo wa kusubiri sana. Ubungo, ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, kimejengwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, vyoo, maegesho na njia za malori. Kariakoo inakizidi kwa mtandao wa watu, mikopo ya kuaminiana na wingi wa bidhaa. Lakini mteja wa jumla anayeogopa kuangukiwa na jengo atahesabu upya safari yake.

Kitalu cha kwanza kisiwe cha mtaa wa Kongo wala kinachotazama soko kuu. Hapo kila siku ya ucheleweshaji ni hasara kubwa kiasi kwamba kosa dogo litazima imani ya Kariakoo nzima. Kianzie pale ambapo Shirika la Nyumba la Taifa au taasisi nyingine ya umma ina viwanja viwili au vitatu ndani ya kitalu, wapangaji ni wachache, na bomba kuu la majitaka liko karibu. Kila aliyesajiliwa kwenye sensa apewe karatasi yenye namba, upana wa uso wa fremu atakayorudi, mtaa itakakotazama, kodi ya miaka mitatu ya kwanza na tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo iambatane na dhamana ya benki itakayomlipa kila mwezi tarehe hiyo ikipita. Sahihi za karatasi hizo zikamilike kabla tingatinga halijapakiwa kwenye lori.